Mjitoleaji wa zimamoto mtaani: kazi yako inaanza kabla moto haujawaka

Kila nyumba inapoungua, lawama huwa ile ile: "Zimamoto wamekuja bila maji." Gari halitoki kituoni likiwa tupu. Gari la lita 5,000 likifungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 450 kwa dakika, maji yanakwisha kabla dakika sita hazijatimia. Anayefika dakika ya saba anawakuta askari wanasubiri maji, naye anawarekodi kwa simu. Kinachotakiwa pale ni mtu wa mtaa anayejua haidranti, yaani bomba la kujazia maji gari la zimamoto, ilipo.

Kwa hiyo mjitoleaji aanze na haidranti. Aijue iliyo karibu, na aangalie kama kifuniko chake kinafunguka, kama shimo limejaa mchanga na taka, kama kuna fremu iliyojengwa juu yake. Asiifungue mwenyewe. Atoe taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha zimamoto.

Moto ukitokea, piga 114, ni bure. Taja mtaa, kisha alama inayojulikana (msikiti, shule, stendi ya bodaboda), kinachoungua, na kama kuna watu ndani. Usikate simu mpaka uambiwe. "Njooni haraka, tunaungua" si anuani! Kisha mtume mtu asimame barabara kubwa alipokee gari, wengine waondoe magari na bajaji kichochoroni.

Mtungi wa kuzimia moto wa unga wa kilo 6 hauchukui hata nusu dakika kwisha. Vuta pini, simama mita 2 hadi 3, lenga chini moto unapoanzia, si kwenye ndimi zake, kisha peleka unga kushoto na kulia huku mgongo wako ukiwa upande wa mlango. Moto wa gesi ni tofauti, na hapa ndipo wengi wanapoumia: wanazima ndimi huku koki iko wazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa la jirani. Funga koki kwanza. Isipofikika, ondoa watu.

Kuzuia umati ni uokoaji kamili. Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Waliofariki walizidi 100. Tangi likimwaga mafuta, kazi ya mjitoleaji ni kuwarudisha watu nyuma na kuzuia pikipiki zisiwashwe.

Ieleweke pia kwamba kupiga simu ya uongo na kumzuia askari wa zimamoto kazini ni makosa kisheria, na kuvaa kizibao cha kujitolea hakumwondolei mtu kosa. Kiongozi wa kikosi akishafika, amri ni yake. Akisema toka, toka, hata kama ni nyumba ya ndugu yako. Mweleze tu aliyebaki ndani yuko chumba gani.

Anayetaka kujitolea aonane na mwenyekiti wa mtaa, kisha wafike pamoja kituoni kuomba mafunzo. Njooni kikundi, si mtu mmoja mmoja, maana zamu ya usiku inahitaji watu.