Je, wajua? Kutuma euro nchi nyingine ya Ulaya ni karibu bure, kuzirudisha ndiyo kazi

Mtu anayeishi Brussels ameshinda mnada wa mtandaoni wa lenzi ya kamera kwa euro 180. Muuzaji yuko Leipzig, Ujerumani, na gharama ya posta ni euro 9.50. Muuzaji anaandika ujumbe mfupi: jina lake kamili, namba ndefu inayoanza na DE, na jumla ya euro 189.50. Mnunuzi anafungua programu ya benki kwenye simu, anatuma, na benki haimkati kitu. Ikikata, inakata kile kile ambacho ingekata kama angemlipa mtu wa mtaa wa pili. Inawezekanaje, wakati benki ni mbili na nchi ni mbili?

Zamani haikuwezekana. Kabla ya 2003, pesa kutoka Ubelgiji kwenda Ujerumani zilipita kwenye benki za kati, na kila moja ilichukua chake njiani. Kwa kitu cha euro 20 makato yangeweza kukaribia bei ya kitu chenyewe, ndiyo maana wanunuzi wa minada ya mwanzo walikuwa wakitia noti kwenye bahasha na kuomba Mungu zifike. Umoja wa Ulaya ukapitisha kanuni namba 2560 ya mwaka 2001: malipo ya euro yanayovuka mpaka yasitozwe zaidi ya malipo ya ndani ya nchi. Kwa kadi na mashine za kutolea pesa ilianza Julai 2002, na kwa kutuma benki kwa benki ikaanza Julai 2003. Benki zilipolazimishwa kutoza sawa, zikajikuta zinapata hasara kwa kutumia njia ya zamani, hivyo zikaunganisha mifumo yao. Mfumo huo ndio SEPA, ambao malipo yake ya kwanza yalipita tarehe 28 Januari 2008.

SEPA inazihusisha nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya pamoja na majirani kadhaa, wakiwemo Uswisi, Norwei na Uingereza. Lakini kuwa ndani ya SEPA si sawa na kubanwa na sheria ya makato sawa. Uingereza ilibaki kwenye mfumo baada ya kutoka kwenye Umoja, ila sheria ile haizibani tena benki zake, na benki za upande wa pili nazo ziko huru kutoza zinapotuma kule. Kwa hiyo unapomlipa muuzaji wa Manchester, soma kwanza jedwali la makato la benki yako.

Sasa tuiangalie IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti ya benki kama ile ndefu ya muuzaji wa Leipzig, maana humo ndimo wengi wanamoogopa kukosea. Urefu wake hutegemea nchi: Norwei ni herufi na tarakimu 15, Ubelgiji 16, Uholanzi 18, Ujerumani 22, Hispania 24, Ufaransa na Italia 27, Malta 31. Ukipewa namba ya Ujerumani yenye tarakimu pungufu, usijaribu kukisia iliyokosekana, mrudie muuzaji. Herufi mbili za mwanzo ni nchi ilipo akaunti, na tarakimu mbili zinazofuata ni za ukaguzi.

Ukaguzi huo unafanywa hivi. Chukua namba ya mfano inayotumika kwenye mafundisho ya benki, BE68 5390 0754 7034. Hamishia alama nne za mwanzo nyuma kabisa, kisha badili herufi kuwa tarakimu, A ikiwa 10, B ikiwa 11, hadi Z ambayo ni 35. Unapata 539007547034111468. Igawe kwa 97, na lazima ibaki 1. Ukikosea kidogo tu, mathalani ukaandika 7043 mahali pa 7034, kinabaki 50, na programu ya benki inaikataa namba hapo hapo kabla pesa hazijatoka. Kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili zilizo jirani, kosa la kawaida kabisa la vidole, hunaswa kila mara. Hivyo hofu ya pesa kwenda kwa mtu asiyejulikana kwa sababu ya kidole kuteleza ni kubwa kuliko hatari yenyewe.

Hatari ya kweli ni IBAN iliyo sahihi kabisa, ila si ya yule unayedhani unamlipa. Kwa miaka mingi benki nyingi za Ulaya hazikulinganisha jina na namba. Ungeandika jina la muuzaji, namba ikawa ya tapeli, na pesa zikaenda kufuata namba. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025, benki za nchi zinazotumia euro zinatakiwa kulinganisha jina na IBAN kabla hujathibitisha malipo, na huduma hiyo ni bure. Majibu ni ya aina nne: jina linalingana, linakaribiana (hapo benki inakuonyesha jina halisi la mwenye akaunti), halilingani, au ukaguzi haukuwezekana. Ukipewa onyo na bado ukabonyeza kutuma, mzigo wa hasara unakuangukia wewe. Benki ikishindwa kufanya ukaguzi inavyotakiwa na pesa zikapotea kwa sababu hiyo, yenyewe ndiyo italazimika kukurudishia.

Hapa wanunuzi wa mnada wana tatizo lao la pekee: muuzaji wanamjua kwa jina la utani la kwenye tovuti. Usiandike jina hilo kwenye nafasi ya mpokeaji. Omba jina kamili kama lilivyo kwenye akaunti yake ya benki, na kama anauza kwa jina la kampuni, uliza akaunti ni ya kampuni au ya kwake binafsi. Jibu la kwamba akaunti ni ya shemeji, au ya mhasibu aliye Lithuania wakati muuzaji anadai yuko Toulouse, halihitaji uchunguzi zaidi. Acha. Lakini IBAN ya nchi nyingine peke yake si ushahidi wa utapeli, kwa sababu watu wengi wanatumia benki za mtandaoni zilizosajiliwa Ujerumani, Ireland au Lithuania. Tena kanuni namba 260 ya mwaka 2012 inaikataza kampuni kukataa akaunti ya euro kwa sababu tu iko nchi nyingine ya SEPA.

Kwenye nafasi ya maelezo una alama 140. Andika namba ya bidhaa ya mnada na jina lako la kwenye tovuti, kwa mpangilio huo. Muuzaji anayepokea malipo 30 kwa wiki hawezi kujua kwamba jina lako rasmi ndilo yule aliyepandisha dau dakika ya mwisho. Mizigo mingi inayochelewa haijachelewa posta. Imekaa rafuni kwa sababu malipo hayakuoanishwa na mtu. Epuka herufi zenye alama juu, andika oe mahali pa ö, maana baadhi ya mifumo huzigeuza kuwa alama za kuuliza.

Kuhusu muda, malipo ya kawaida ya SEPA yanatakiwa kumfikia mpokeaji kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Ukituma Ijumaa jioni baada ya muda wa benki kufunga hesabu, benki inayahesabu kuwa ya Jumatatu, nayo yanaweza kufika Jumanne. Mfumo husimama pia tarehe 1 Januari, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, 1 Mei, na 25 na 26 Desemba. Njia ya papo hapo, iliyoanza Novemba 2017, hufikisha pesa ndani ya sekunde 10, usiku na sikukuu, na benki za nchi za euro hazikubaliwi tena kuitoza zaidi ya malipo ya kawaida. Ni nzuri kwa muuzaji unayemfahamu. Kwa usiyemfahamu, ile siku moja ya malipo ya kawaida ni ya thamani, kwa sababu baadhi ya benki hukuwezesha kuyafuta kabla hayajatoka.

Yakishatoka, imekwisha. Wengi wanadhani benki inaweza kuzivuta pesa kutoka kwenye akaunti ya mwingine. Haiwezi. Inachoweza ni kutuma ombi. Kama umelipa mara mbili au kumetokea hitilafu ya mfumo, benki yako ina siku 10 za kazi za kutuma ombi la kurudisha, na kwa utapeli hadi miezi 13. Benki ya mpokeaji inatakiwa kujibu ndani ya siku 15 za kazi, lakini kwa kawaida humuuliza kwanza mteja wake. Mteja akikataa, au akaunti ikiwa imeshakaushwa, unabaki na njia ya polisi na mahakama. Kama kosa lilikuwa la IBAN isiyo sahihi, benki yako inapaswa kukupa taarifa ilizonazo ukiziomba kwa maandishi, ili uweze kudai kisheria.

Njia nyingine za kulipa zinatofautiana na IBAN kwenye kurudisha pesa, na kwa maoni yetu tofauti hiyo ina uzito kuliko makato yote. Kwenye eBay leo mnunuzi humlipa eBay, na eBay ndiyo inayoingiza pesa kwenye akaunti ya muuzaji. Catawiki ya Uholanzi, inayojulikana zaidi kwa vitu vya kale na vya kukusanywa, hushikilia pesa hadi mzigo ufike. Ada ya ulinzi inayoongezwa juu ya bei inaudhi, hasa kwa vitu vidogo, lakini ndiyo bei ya kuwa na mtu wa kumlalamikia. PayPal inatoa siku 180 za kufungua mgogoro, ila kwa malipo ya bidhaa na huduma tu. Muuzaji akikuomba utume kama unavyotuma kwa ndugu na rafiki ili yeye akwepe ada, ujue ulinzi wote umeondoka. Kadi ya benki nayo ina utaratibu wa kupinga malipo, kwa kawaida ndani ya siku 120. Na ujumbe wa kuvutia, ule wa “tumalize nje ya tovuti nikupunguzie euro 20”, una maana moja tu: tovuti ikiulizwa itasema haijui chochote kuhusu biashara hiyo.

IBAN ya moja kwa moja ina mahali pake: muuzaji mwenye maoni mengi ya miaka kadhaa, ambaye tovuti yenyewe inaruhusu alipwe hivyo, au bidhaa unayokwenda kuichukua kwa mkono.

Pesa zinapovuja kimya kimya ni kwenye sarafu. SEPA ni ya euro peke yake, na si kila nchi ya Umoja inatumia euro. Poland, Ucheki, Hungaria, Romania, Sweden na Denmark wana sarafu zao. Tuseme umeshinda kitu cha zloti 400 kutoka Poznań, na kiwango cha kati cha siku hiyo ni zloti 4.25 kwa euro moja. Unapiga hesabu, unatuma euro 94.12 kwenye akaunti ya muuzaji. Akaunti yake ni ya zloti, hivyo benki yake inazinunua euro zako kwa bei yake, tuseme 4.10. Anapata zloti 385.89 na kukuandikia kwamba bado unadaiwa zaidi ya 14. Hakuna aliyeiba. Muulize kabla ya kutuma kama ana akaunti ya euro, na kama hana, kubalianeni jumla ya euro ambayo yeye ameridhika nayo.

Ukilipa kwa kadi, ukurasa unaweza kukuuliza ulipe kwa zloti au kwa euro. Chagua sarafu ya muuzaji. Ukichagua ya kwako, anayebadilisha ni kampuni ya malipo, na kiwango chake mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako. Tangu Aprili 2020 lazima wakuonyeshe ni asilimia ngapi wameongeza juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, lakini huandikwa kwa herufi ndogo. PayPal nayo hubadilisha yenyewe usipoizuia, na mpangilio wa kuiachia kadi yako ibadilishe uko kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kuthibitisha.

Mzigo wa kutoka Uingereza na Uswisi una gharama nyingine isiyohusu benki: kodi ya ongezeko la thamani ya nchi yako, pengine na ushuru, na ada ya msafirishaji kwa kushughulikia karatasi. Ndani ya Umoja wa Ulaya hakuna ushuru wa forodha. Angalia pia kama muuzaji ni mfanyabiashara au mtu binafsi, kwa sababu haki ya kurudisha bidhaa ndani ya siku 14 ipo kwa ununuzi wa mtandaoni kutoka kwa mfanyabiashara tu.

Na msomaji aliye Dar es Salaam au Mombasa anayetaka kumlipa muuzaji yule yule wa Leipzig? Yeye yuko nje ya SEPA, hivyo pesa zake zinapita njia ile ya zamani ya benki za kati. Atahitaji IBAN ya muuzaji pamoja na BIC, yaani msimbo unaoitambulisha benki ya muuzaji huyo, na kwenye fomu achague OUR, yaani makato yote alipe yeye, la sivyo zitafika pungufu na muuzaji hatatuma mzigo. Ugumu zaidi ni wa kurudishiwa. Tanzania na Kenya hazitumii IBAN, na fomu ya kawaida ya benki ya Ujerumani haitaipokea namba ya akaunti isiyo IBAN. Muuzaji atalazimika kujaza fomu ya malipo ya nje, yenye ada, na wengi hawajawahi kuigusa. Mwandikie kabisa mapema jina la benki yako, BIC yake, namba ya akaunti na anwani, na mkubaliane nani atabeba ada hiyo ikitokea mzigo una kasoro.