Kwa nini saruji huiua nyumba ya mawe?

Pita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar baada ya masika. Utaona kuta zilizobanduka lipu mabamba mabamba, na nyuma yake jiwe linamung'unyika kama unga. Watu husema ni uzee. Mara nyingi ni lipu ya saruji, iliyopigwa na mjukuu aliyetaka kuinusuru nyumba ya babu yake.

Ukuta wa kale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe ni mawe hayohayo, yaliyochomwa kwa moto mkali kisha yakazimwa kwa maji. Ikishapakwa, hufyonza hewa ya kaboni iliyopotea motoni na pole pole hurudi kuwa jiwe. Ukuta kama huo una vitundu vidogo tele: unyevu huingia, jua likiwaka hutoka. Unapumua.

Saruji ni ngumu kuliko jiwe inalolifunika, nayo huziba. Maji hupenya kwenye nyufa na kupanda kutoka ardhini, lakini hayana pa kutokea. Yamebeba chumvi, na chumvi ikiganda ndani ya jiwe hulipasua kidogo kidogo.

Balaa zaidi liko kwenye boriti. Sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, upana wa mita 3 hivi, kwa kuwa boriti haifiki mbali zaidi. Ncha zake zimefukiwa ukutani. Ukuta ukishinda majimaji, ncha huoza bila mtu kuziona, na kwa chini boriti bado inaonekana nzima.

UNESCO iliutambua mji huu kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, lakini nyumba nyingi ni za mirathi au wakfu, zenye warithi waliotawanyika, na paa likivuja kila mmoja humngoja mwenziwe. Chokaa hutaka siku nyingi na fundi mwenye subira. Mfuko wa saruji uko dukani leo hii. Siwezi kumlaumu anayeununua.

Aliyekwisha kuupaka ukuta wake saruji bado ana nafasi. Aanze na paa na mifereji, maji yakome kuingia. Kisha aibandue saruji taratibu, auache ukuta ukauke, hata kwa miezi, ndipo apige lipu ya chokaa.