Je, wajua kwa nini Blenheim yenye injini mbili ilianguka ikizimikiwa na moja tu?

Kati ya 1941 na 1943, Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na vikosi vya mafunzo ya vita kwenye nyanda za juu za Kenya: namba 70 Nakuru, na namba 72 Nanyuki. Marubani walifika wakijua kuruka. Hapa walikabidhiwa Bristol Blenheim, ndege ya kudondosha mabomu, na kuunganishwa na mwelekezi wa njia pamoja na mtu wa redio ambaye pia alishika bunduki. Baadhi yao walikufa kabla ya kumwona adui, na hatari kubwa ilikuwa katika nusu dakika ya kwanza ya kupaa.

Mtu hudhani injini moja ikizimika, nyingine itaibeba ndege. Wakati wa kupaa ni kinyume: ile nzima ndiyo inayoipindua. Tuseme ya kushoto imezimika. Ya kulia, ikivuta kwa nguvu zote, inaizungusha pua kuelekea kushoto, na bawa la kushoto linashuka. Rubani anakandamiza pedali ya kulia ili usukani wa mkiani urudishe pua. Lakini usukani huo hufanya kazi kwa upepo unaoupiga. Mwendo ukiwa mdogo, hata pedali ikandamizwe hadi mwisho haitoshi. Akiongeza moto kwenye injini nzima, ndege inabiringika haraka zaidi na kuangukia mgongo.

Ndege huacha ardhi kabla haijafikia mwendo wa kumudu injini moja. Kwa hiyo, baada ya magurudumu kuinuka, mwanafunzi alitakiwa kuibana ndege chini, karibu na ardhi, mpaka mwendo upande, ndipo apande juu. Mwenye haraka ya kupanda alijiweka mtegoni mwenyewe.

Propela nayo ilizidisha balaa. Ndege za baadaye zinaweza kugeuza makali ya propela iliyokufa yaikabili hewa kwa ukingo wake mwembamba. Ya Blenheim ilikuwa na mikao miwili tu, mwepesi wa kupaa na mzito wa safari, hivyo iliendelea kuzungushwa na upepo na kuivuta ndege nyuma. Kuiweka kwenye mkao mzito kulisaidia kidogo, ila vishikio vyake vilikuwa nyuma ya kiti cha rubani. Ilibidi avipapase bila kuviona, mkono mwingine ukipambana na usukani.

Mwinuko je? Nakuru iko takriban mita 1,900 juu ya bahari. Wengi husema injini zilikosa pumzi, na hapo wanazionea: Mercury, injini ya Blenheim, ilikuwa na kifaa cha kusukumia hewa ndani, na kimo hicho hakikuisumbua. Walioathirika ni bawa na propela. Jua la nyuzi 25 likiwaka, hewa ya hapo ni pungufu kwa karibu robo kuliko ya pwani siku ya nyuzi 15. Kipimo cha mwendo kinaonyesha namba ileile wakati wa kuinuka, lakini ndege inakimbia ardhini kwa kasi kubwa zaidi kwa takriban asilimia 14. Inamaliza uwanja mrefu zaidi, na ikigonga kitu, inagonga kwa nguvu zaidi.

Usiku palikuwa na mtego mwingine, hata injini zote zikiwa nzima. Ndege ikichapuka, sikio la ndani humdanganya rubani kwamba pua imeinuka mno. Mbele kuna giza tupu, hakuna upeo wa macho wa kumsahihisha. Anaisukuma pua chini, na ndege inaingia ardhini ikiwa na afya kamili. Dawa ni kuamini vipimo na kupuuza mwili, jambo gumu kwa mwenye saa chache za usiku.

Kwa injini iliyozimika mapema, tiba ilikuwa moja: funga moto wa zote mbili, shusha pua, tua kwa tumbo mbele yako, iwe shambani au kichakani. Waliojaribu kugeuka warudi uwanjani walipoteza mwendo ndani ya kona, na bawa la ndani likaanguka kwanza.