BLEU: alama ya tafsiri ya mashine inapimaje?

Ukisikia programu moja ya tafsiri imepata alama 30 na nyingine 34, mara nyingi kinachotajwa ni BLEU, kipimo kilichotolewa na watafiti wa IBM mwaka 2002. Kazi yake ni kulinganisha: huchukua tafsiri ya mashine, huiweka kando ya tafsiri ya binadamu, kisha huhesabu maneno yanayofanana, moja moja, mawili mawili yanayofuatana, hadi manne manne. Maana hakiitazami kabisa.

Tuseme maelezo ya dawa kwa Kiingereza yanataka kidonge kimezwe saa 8:00 za asubuhi kwa hesabu ya Kizungu. Mfasiri kaandika: "Meza kidonge kimoja saa mbili asubuhi." Mashine ya kwanza inaleta "Meza kidonge kimoja saa nane asubuhi." Ya pili, "Kunywa tembe moja saa mbili asubuhi." Ya kwanza imepatia maneno matano kati ya sita, ya pili matatu tu. Kwa BLEU, mshindi ni ile iliyompoteza mgonjwa (na hiyo saa nane ya asubuhi sijui ni ya nchi gani). Kwa kawaida alama hutolewa kwa mamia ya sentensi pamoja, si moja, lakini kasoro hiyo haiondoki.

Kiswahili kina shida ya ziada, maana neno letu moja laweza kuwa sentensi nzima. "Walituambia" na "wametuambia" kwa BLEU zimeachana kama kuku na baiskeli. Ndiyo maana wengi huongeza chrF, kipimo cha mtafiti Maja Popović cha mwaka 2015, kinacholinganisha vipande vya herufi. Hicho angalau kinaiona "-tuambia".

Mfasiri ana swali jingine: nitarekebisha kiasi gani? Kipimo kingine, TER, cha mwaka 2006, huhesabu maneno yaliyofutwa, kuongezwa, kubadilishwa au kuhamishwa. "Nane" kuwa "mbili" ni rekebisho moja. Ila kuligundua sharti urudi kwenye Kiingereza, usome neno kwa neno, kwani sentensi ya mashine inateleza vizuri na hakuna kinachokushtua. Mteja akiona rekebisho moja hutaka kulipa nusu: "Mashine imeshamaliza, wewe pitia tu." Mimi huomba kwanza kurasa mbili tatu nizisome pamoja na matini asilia, ndipo tuongee bei, tena kwa saa.