RAM ya seva ya databesi imejaa? Ngoja kwanza kabla hujaristati

Alamu ikilia kwamba memori imefika asilimia 95, kitu cha kwanza watu wengi wanafanya ni kuzima na kuwasha databesi, grafu inashuka, kila mtu anapumua, halafu baada ya muda imepanda tena palepale. Naandika hii kwa sababu dhana zinazozunguka kuhusu jambo hili zinaumiza databesi ambazo zilikuwa nzima kabisa, na zile zenye ugonjwa wa kweli zinaachwa mpaka zinaanguka.

"RAM ikijaa, kuna tatizo"

Hapana jamani. Databesi inataka RAM ijae, ndiyo kazi yake, data ikishakuwa kwenye RAM haina haja ya kwenda diski tena. Na Linux nayo inafanya hivyohivyo, faili likisomwa keneli (kiini cha Linux) inaliacha kwenye kache mpaka mtu mwingine aitake ile nafasi.

Chukua seva ya databesi ya Postgres yenye 32GB, shared_buffers (RAM ambayo prosesi zote za Postgres zinatumia pamoja) umeweka 8GB. Unapiga `free -h`, safu ya free inasema 400Mi, moyo unaruka. Sasa tembea kulia: buff/cache 22Gi, na ile ya mwisho kabisa, available, 13Gi. Hiyo available ndiyo namba ya kuangalia, ni makadirio ya keneli ya kiasi gani inaweza kutoa bila kugusa swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM ikipungua. Ila usije ukadhani zile 22 zote ni za bure, kwa sababu shared_buffers inahesabiwa humohumo ndani ya buff/cache na keneli haiwezi kuitupa, ndiyo maana available ni 13 tu. Alamu yako ifunge kwenye available, siyo kwenye free.

Na wale wenye kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya kuandika 3 kwenye `/proc/sys/vm/drop_caches` kila usiku, tafadhali ifuteni. Mnatupa kache ambayo databesi ilikuwa inaitegemea, asubuhi kweri (maombi ya data) zote zinaenda diski, halafu mnauliza kwa nini sistimu ni nzito.

"Nimejumlisha RES kwenye top, Postgres inakula 80GB"

Kwenye seva ya 32GB? Haiwezekani. Kila prosesi ya Postgres inagusa ileile shared_buffers, na top kwenye safu ya RES, yaani RAM ya kila prosesi, inaihesabu kwa kila moja upya. Ukitaka ukweli soma mstari wa Pss kwenye `/proc/PID/smaps_rollup`, pale memori ya pamoja inagawanywa kwa wanaoitumia.

"work_mem ni kikomo cha seva nzima"

Hapa ndipo watu wengi wanaangukia na inaniuma kwa sababu kosa lenyewe ni dogo sana. work_mem ya Postgres ni memori ya kufanyia kazi kweri, difolti ni 4MB, mtu anaona ndogo, anaweka 64MB, kweri yake ya ripoti inakimbia, anafurahi, anaondoka. Lakini work_mem siyo ya seva, wala siyo ya koneksheni, hata ya kweri siyo. Ni ya kila hatua ya kupanga (sort) au ya heshi (hash) ndani ya kweri, na kweri moja inaweza kuwa na hatua tatu nne za hivyo. Piga hesabu: 64MB mara hatua 3 mara koneksheni 200 zinazofanya kazi kwa pamoja, unafika 38,400MB. Na bado, tangu toleo la 15 hash_mem_multiplier difolti yake ni 2.0, yaani heshi inaruhusiwa mara mbili ya work_mem, na kweri ikiendeshwa sambamba kila mfanyakazi ana kikomo chake. Siku za kawaida huoni kitu kwa sababu si wote wanafika kileleni pamoja, halafu mwisho wa mwezi ripoti zinagongana na seva inakufa.

Iache ndogo kwa ujumla, ile ripoti nzito ipe yake kwa `SET LOCAL work_mem` ndani ya transaksheni. Washa log_temp_files uone ni kweri zipi kweli zinamwagikia diski.

"Koneksheni iliyokaa tu haili memori"

Inakula. Kwenye Postgres kila koneksheni ni prosesi, na inajiwekea kumbukumbu za kila jedwali na indeksi iliyowahi kugusa. Kama una maelfu ya patisheni (vipande vya jedwali) na koneksheni zinaishi siku nyingi bila kufungwa, kila moja inanenepa polepole, watu wanasema databesi inavuja. Kuanzia toleo la 14 unaweza kupiga `pg_log_backend_memory_contexts(pid)` ukaona kwenye logi, CacheMemoryContext, ambako kumbukumbu hizo zinakaa, ikiwa kubwa umeshapata jibu. Weka PgBouncer (inayogawia wateja wengi koneksheni chache) katikati, yenyewe server_lifetime yake kwa difolti ni sekunde 3600, koneksheni ya zamani inafungwa na memori inarudi.

MySQL habari ni hiyohiyo kwa njia nyingine: innodb_buffer_pool_size (kache yake kuu) siyo jumla ya yote, juu yake kuna bafa za kila koneksheni na majedwali ya muda. Ukiwa kwenye toleo la 8 uliza `sys.memory_global_by_current_bytes` kabla hujaanza kubahatisha. Na SQL Server isipowekewa max server memory, itachukua karibu yote na haitarudisha mpaka Windows iombe, hiyo ni tabia yake tu.

"Zima swapu, databesi haitaki swapu"

Swapu yenye vitu ndani siyo tatizo, vinaweza kuwa vimelala humo wiki nzima. Tatizo ni vinapoingia na kutoka mfululizo: piga `vmstat 1`, angalia si na so, yaani kinachoingia kutoka swapu na kinachotoka kwenda swapu. Zikikaa sifuri, endelea na kazi. Ukizima kabisa unaondoa nafasi ya kupumua, keneli inaua prosesi mapema zaidi, na kwa Postgres prosesi moja ikiuawa hivyo databesi inakata koneksheni zote na kuanza kujirekebisha, kwa sababu haiwezi tena kuamini memori ya pamoja. Ushahidi uko kwenye `dmesg -T`, tafuta "Killed process".

"Ndani ya kontena free inaonyesha iko nyingi"

Ile ni RAM ya mashine nzima, siyo yako. Kontena ina kikomo chake, kwenye cgroup v2 (sehemu ya Linux inayoweka vikomo) kisome kwenye `/sys/fs/cgroup/memory.max`. Ukiona kontena imekufa na kodi 137, mara nyingi ni hicho kimepitwa. shared_buffers na max_connections zipige hesabu kutokea hapo.