Sheria na maendeleo: yanayodhaniwa na yaliyopimwa

Wanauchumi wanaochunguza sheria wana swali moja gumu: sheria ikishapitishwa, maisha ya nani yanabadilika, na kwa kiasi gani? Majibu yao hupotoshwa mara kwa mara, tena na watu wenye nia njema.

"Mpe maskini hati ya ardhi, benki itamfungulia mlango."

Dhana hii inapendwa kuliko zote. Mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, aliieneza sana mwanzoni mwa karne hii: viwanja visivyo na hati ni mtaji uliolala, na hati ndiyo ya kuuamsha. Hoja inavutia, ila ilibidi ipimwe.

Mwaka 1981, familia zipatazo 1,800 zilivamia eneo tupu huko Quilmes, pembezoni mwa Buenos Aires, Argentina, zikidhani ni mali ya serikali. Kumbe lilikuwa na wenyewe. Mwaka 1984 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kulitwaa kwa fidia na kuwapa hati walioliingia. Baadhi ya wamiliki walikubali fidia na viwanja vyao vikatolewa hati, wengine wakaenda mahakamani. Basi majirani walioingia pamoja, wenye hali zilezile, wakajikuta hawa wana hati na wale hawana, bila wao kuchagua lolote.

Watafiti Sebastián Galiani na Ernesto Schargrodsky waliwalinganisha. Wenye hati walikuwa na kuta na mapaa bora, kaya zao zilikuwa na watu wachache zaidi, na watoto wao walisoma zaidi. Kwenye mikopo, tofauti ilikuwa ndogo. Hilo halinishangazi: mkopeshaji huuliza kwanza kipato, na nyumba ya maskini ni ghali kuikamata na ngumu kuiuza. Lakini asije mtu akasema kwamba hati hazina faida. Mtu asiyehofia kufukuzwa hujenga na husomesha, na hayo ni makubwa.

"Mali ya wote haina mwenyewe, lazima iharibike."

Mwaka 1968 mwanaikolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba kila mfugaji ataongeza ng'ombe kwenye malisho ya pamoja mpaka nyasi ziishe. Wengi wakahitimisha kuwa dawa ni mbili tu: kugawa kwa watu binafsi au kukabidhi serikali. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya Uchumi (2009), alikwenda kutazama watu wanavyoishi hasa. Miongoni mwa mifano yake ni kijiji cha Törbel, Uswisi, ambako kanuni ya mwaka 1517 ilikataza mtu kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Ni kanuni ya akili sana, kwa kuwa kila jirani anaweza kuihakiki kwa macho yake. Ostrom hakusema kwamba jamii hufaulu siku zote. Alionyesha masharti yanayoziwezesha kufaulu, yakiwemo mipaka inayoeleweka, usimamizi wa watumiaji wenyewe na adhabu zinazopanda hatua kwa hatua.

"Coase alithibitisha kwamba sheria haina umuhimu."

Kinyume chake. Mwanauchumi Ronald Coase, katika makala yake ya 1960, alisema watu wanaodhuriana wangeafikiana wenyewe, hata sheria impe nani haki, *kama* kujadiliana kusingekuwa na gharama. Kisha akaeleza kuwa gharama hizo zipo na mara nyingi ni kubwa, ndiyo maana uamuzi wa mahakama una uzito.

"Nchi ikipanda kwenye orodha, sheria zake zinafanya kazi."

Kwa miaka mingi serikali zilishindania nafasi katika ripoti ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara. Ripoti hiyo iliuliza hasa wanasheria na wahasibu ingechukua siku ngapi kampuni ya mfano kukamilisha taratibu. Wafanyabiashara halisi walipoulizwa katika tafiti nyingine, muda waliotaja ulitofautiana mno: ndani ya nchi ileile, huyu alipata kibali upesi, yule alisubiri miezi. Huenda kilichowatenganisha ni nani anamjua nani ofisini, na orodha haikuwa na safu ya kuliandika hilo. Septemba 2021 Benki ya Dunia iliifuta ripoti hiyo, baada ya kugundulika kasoro katika takwimu za matoleo ya 2018 na 2020.