Je, wajua kwa nini kichochoro cha Lamu kina ubaridi saa nane mchana?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mji wa joto unahitaji barabara pana. Nyumba zikiachana, nilijiambia, upepo utapita. Zikibanana, watu wataungua. Nilipofikiria Mji wa Kale wa Lamu, ambako kwenye baadhi ya njia ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili, nilidhani wajenzi walikosa nafasi tu. Nilikosea, na kosa hilo bado nalisikia kila watu wanapozungumzia viwanja vipya vya mwambao.

Tulichosahau ni joto linatoka wapi. Upepo uliopita juu ya lami iliyochomwa tangu asubuhi hukufikia ukiwa wa moto. Kabla ya kuuliza hewa itapita wapi, uliza jua litaingia kwa muda gani.

Lamu iko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la adhuhuri halikai mbali na utosi. Sasa fikiria kisima. Asubuhi uwanja umeshaanza kuwaka, watu wanateka maji, lakini chini kisimani bado kuna giza. Jua huyagusa maji pale tu linapofika juu ya mdomo wa kisima, likisogea kidogo giza linarudi. Kisima kipana huangazwa mapema na kwa muda mrefu. Chembamba hupata mwanga wa kupita. Kichochoro ni kisima hicho kilichovutwa kikawa njia.

Tuhesabu. Njia inayotoka kaskazini kwenda kusini ina upana wa mita 2, na kuta zake zina kimo cha mita 8. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, na hufika chini likiwa ndani ya nyuzi 14 tu kutoka utosini. Hapo njia hupata jua kwa muda usiofika saa mbili kwa siku. Ipanue iwe mita 10, kuta zilezile, na muda huo unakaribia saa saba! Njia ya mashariki-magharibi ina shida yake: mwezi Machi na Septemba jua huifuata kwa urefu wake wote, ingawa Juni na Desemba kuta huikinga vizuri. Ndipo unapoona thamani ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili.

Kubanana kuna faida nyingine. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ambao nyumba mbili zinauchangia hauoni jua kabisa.

Wengi huongeza kwamba hewa ya moto hupanda kupitia kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi, na kuivuta ya baridi kutoka kichochoroni kupitia daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni. Jambo hilo hutokea, lakini nisingelipa uzito mkubwa: kaskazi au kusi ikivuma, nguvu yake huushinda mvuto huo mdogo. Wala nisingesema kila njia ilipimwa kwa ajili ya kivuli. Familia zilitaka mabinti walioolewa wakae karibu, zikajenga ubavuni, na njia ikabaki ya kutosha watu na punda.

Mawe nayo hudai malipo yake. Ukuta mnene hunywa joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku, na usiku wa pwani hauna baridi ya kuliondoa upesi. Kwa hiyo nyumba nyingi zina banda la makuti juu kabisa, wazi pembeni. Makuti ni mepesi, hayaweki joto, na upepo wa bahari hupita chini yake bila kizuizi. Vyumba vya mawe ni vya mchana. Jioni watu hupanda huko juu.